Mtoto ni mdogo tumboni: je, sindano ya homoni ya ukuaji itamkuza?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 24, hii ni mimba yangu ya kwanza na sasa nipo wiki ya 31. Juzi nilipimwa ultrasaundi nikaambiwa mtoto ana kilo 1.3, mdogo kuliko umri wa mimba. Nimetakiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nesi aliongeza kwamba hali ikibadilika huenda nikachomwa sindano za kumkomaza mtoto. Tangu nirudi nyumbani sina amani. Shoga yangu ana ndugu anayeuza dawa, anasema ipo sindano ya homoni ya ukuaji, ile wanayochomwa watoto wafupi, na nikiitumia mtoto atanenepa kabla hajazaliwa. Je, ndiyo hiyo aliyoisema nesi? Mama mkwe anasema nisihangaike, ukoo wao wote ni wafupi, na mimi mwenyewe sifiki futi 5. Kingine, naomba unisamehe: tangu miezi mitano nimekuwa nakula mlo mmoja wa kushiba kwa siku, maana niliambiwa mtoto akiwa mkubwa nitazaa kwa kisu. Je, nimeziharibu homoni za mwanangu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lisilosubiri: sindano hiyo usiinunue, na kama imeshanunuliwa usiichome. Haitamfikia mtoto, na wewe inaweza kukupandishia sukari. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa umeuliza jambo ambalo hata wanafunzi wa udaktari hulikosea. Wakisikia "homoni ya ukuaji" wanadhani kila kinachokua kinakuzwa na hiyo.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kujua kama kuna kitu kimepungua kwa mtoto ambacho kinaweza kununuliwa dukani. Unataka kujua kama udogo huu ni wa ukoo au ni ugonjwa. Na unataka kujua kama kosa ni lako. Hili la tatu umeliweka mwisho, lakini naona ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia.

Homoni ya ukuaji hutoka kwenye pituitari, tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, homoni hii huenda kwenye ini, nalo ini huitikia kwa kutoa protini iitwayo IGF-1, ambayo ndiyo inayoiamuru mifupa irefuke. Tumboni utaratibu si huo. Pituitari ya mtoto huanza kazi mapema, na katikati ya mimba damu yake huwa na homoni ya ukuaji nyingi kuliko damu yako wewe. Tatizo ni kwamba ini lake bado lina vipokezi vichache mno vya kuipokea. Redio inaunguruma, nyumbani hamna mtu.

Tumelijuaje hilo? Mwaka 1966 daktari Zvi Laron wa Israeli na wenzake walieleza habari za watoto waliokuwa wafupi kupita kiasi ilhali damu yao ilijaa homoni ya ukuaji. Baadaye ikajulikana kwamba vipokezi vyao ndivyo vibovu: homoni ipo, mwili hauisikii. Kundi kubwa la watu wenye hali hii linaishi kusini mwa Ekuador, katika mkoa wa Loja, na wengi wao wakiwa watu wazima hawazidi sana mita 1.2. Lakini tazama uzito wao siku ya kuzaliwa: ulikaribiana na wa watoto wengine. Miezi tisa walikua bila msaada wa homoni ya ukuaji, na kudumaa kukaanza kuonekana baada ya kutoka tumboni. Kama homoni hiyo ndiyo ingekuwa mkuu wa kazi tumboni, watu hawa wangezaliwa vitoto vidogo sana.

Halafu kuna suala la njia. Sindano anayoisema shoga yako ni protini kubwa, mnyororo wa asidi-amino 191, na kondo la nyuma haliruhusu protini ya namna hiyo kupita. Ukichoma, itazunguka katika damu yako na kuishia kwako. Sisemi lolote kuhusu dawa inayotakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, ambayo hujui imelala wapi tangu itoke kiwandani.

Hata hivyo ipo homoni ya ukuaji nyingine ambayo shoga yako hajaisikia, na hiyo unayo tayari. Kondo la nyuma lenyewe hutengeneza aina yake ya homoni ya ukuaji. Kuanzia kama katikati ya mimba huichukua kazi hiyo, pituitari yako ikatulia mpaka homoni yake karibu isionekane kwenye vipimo. Homoni hii ya kondo haiendi kwa mtoto. Inamwagwa kwenye damu ya mama, na kazi yake ni ya ujanja: inaufanya mwili wako ukaidi kidogo amri za insulini, ili sukari ya chakula ulichokula isikimbilie kwenye misuli yako yote, ibaki kwenye damu kwa muda, na mtoto achote sehemu yake. Ni mgeni aliyepewa chumba akaanza kupanga bajeti ya nyumba. Ndiyo sababu kisukari cha mimba tunakitafuta zaidi kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati shinikizo hilo la kondo limepamba moto. Na ndiyo sababu nimesema kuongeza homoni ya dukani juu ya hii kunaweza kukupandishia sukari.

Sasa, kama si homoni ya ukuaji, ni nani anayemkuza mtoto? Ni insulini. Najua insulini wengi tunaijua kama dawa ya wagonjwa wa sukari, lakini kwa mtoto aliye tumboni ndiyo homoni ya ukuaji hasa. Kongosho lake huanza kuitengeneza mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza. Insulini yako wewe haivuki kondo; sukari yako inavuka. Sukari ikifika kwa mtoto, kongosho lake linatoa insulini, na insulini inaziambia seli: chakula kipo, jengeni, wekeni akiba. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen alilieleza hili katika miaka ya 1950 alipokuwa akihudumia wajawazito wenye kisukari, na maelezo yake yamedumu hadi leo.

Ukitaka kuiona kwa macho, simama karibu na kitanda cha mtoto aliyezaliwa na mama ambaye sukari yake haikudhibitiwa. Kilo 4 na nusu au zaidi. Mashavu yamejaa, shingo haionekani, mabega mapana, uso umeiva. Watu wanashangilia: mashallah, mtoto mnene! Saa moja baadaye nesi anamchoma kisigino, tone la damu linaenda kwenye mashine, namba inasoma 1.6, sukari imeshuka mno. Mikono ya mtoto inatetemeka. Kilichotokea ni kwamba kitovu kimekatwa, sukari ya mama imekoma ghafla, lakini kongosho la mtoto halijapata habari. Bado linamwaga insulini kama jana. Mtoto huyo anahitaji kunyonya mara moja, na pengine dripu. Unene wake ulikuwa kazi ya insulini. Upande wa pili wako watoto wachache sana wanaozaliwa bila kongosho kabisa. Hao mimba inatimiza miezi yote na bado wengi hawafiki kilo 2.

Insulini ina jamaa zake wawili, IGF-1, ambayo nimekwisha kuitaja, na IGF-2. Tumboni IGF-1 haingojei amri ya homoni ya ukuaji, inafuata chakula na insulini. IGF-2 ndiyo inayoanza mapema, na ina kisa ambacho huwa sichoki kukisimulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliharibu jeni ya IGF-2 kwenye panya, na vitoto vikazaliwa na uzito wa asilimia 60 tu ya kawaida. Kisha wakagundua kwamba nakala inayofanya kazi ni ile inayotoka kwa baba. Ya mama imezimwa. Kwa panya haohao, ipo jeni nyingine inayopunguza makali ya IGF-2, na hiyo inayofanya kazi ni ya mama. Baba anakanyaga mafuta, mama anakanyaga breki. Wanabayolojia wengine, David Haig akiwa mstari wa mbele, wanaeleza kwamba ni mvutano wa masilahi: upande wa baba unafaidika mtoto huyu akichota kingi, upande wa mama unalazimika kubakiza nguvu za kumlea huyu na watakaofuata. Mwambie mumeo, atacheka.

Umeona basi kwamba homoni hizi zote zinafuata jambo moja: kiasi cha chakula na hewa kinachomfikia mtoto. Homoni ni nyapara kwenye eneo la ujenzi. Lori la saruji lisipofika, hata ukileta nyapara kumi ukuta hautapanda. Kwa hiyo mtoto akiwa mdogo tumboni, daktari hatafuti homoni ya kuongeza, anakagua barabara. Na barabara ni kondo la nyuma pamoja na mishipa ya mfuko wa uzazi inayoliletea damu.

Mishipa hiyo ina historia yake. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo hujipenyeza kwenye mishipa midogo ya mfuko wa uzazi na kuipanua, kutoka vichochoro hadi njia pana, kiasi kwamba mimba ikikaribia kutimia zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Upanuzi huo usipokamilika, njia hubaki nyembamba. Mama anaweza kupata presha na protini kwenye mkojo, yaani dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na mtoto hukua kwa kusuasua. Mara nyingi haya mawili huja pamoja, ndiyo maana ukirudi kliniki wakisahau kukupima presha na mkojo, wakumbushe. Katika mimba ya kwanza lipo pia suala la malaria: vimelea hujificha ndani ya kondo hata kama mama hana homa, na mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hana kinga ya vimelea wa aina hiyo. Vidonge vya SP unavyopewa kliniki na chandarua ni sehemu ya kumlinda mtoto asizaliwe mdogo. Upungufu wa damu na uvutaji wa sigara huingia hapohapo.

Nije kwa mama mkwe. Usimdharau, ana nusu ya ukweli. Mwaka 1938, kule Cambridge, Uingereza, wanasayansi Walton na Hammond walipandisha farasi wakubwa wa kukokota mizigo na wale farasi wadogo wa Shetland, kwa pande zote mbili. Watoto walikuwa na mchanganyiko uleule wa damu ya wazazi, lakini aliyebebwa na mama mkubwa alizaliwa mkubwa kama mara tatu ya yule aliyebebwa na mama mdogo. Mwili wa mama huweka mpaka. Mama mfupi huweza kuzaa mtoto mdogo mwenye afya kamili, na huyo si mgonjwa. Zingatia tu kwamba mwili unaoweka mpaka huo ni wako wewe. Ufupi wa babu za mumeo una nguvu ndogo zaidi hapo.

Lakini ile nusu nyingine si kweli, yaani kauli kwamba "sisi watoto wetu huwa wadogo tu". Utafiti wa INTERGROWTH-21st, ambao majibu yake yalichapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wajawazito wenye afya na lishe nzuri katika miji na maeneo manane ya dunia, Nairobi na Muscat yakiwemo. Mtoto wa Nairobi alikua tumboni kwa namna inayofanana sana na wa Oxford. Haki nayo isemwe: utafiti wa WHO wa mwaka 2017, uliohusisha nchi kumi pamoja na Kongo ya Kinshasa, uliona tofauti kiasi kati ya nchi na nchi. Ninachokitoa hapo mimi ni hiki: ufupi wa ukoo ni maelezo tunayoyakubali mwishoni, baada ya kukagua mengine. Tukiyakubali mwanzoni, kuna mtoto tutamkosa.

Tuseme basi juu ya kilo 1.3. Kwa wiki ya 31, wastani ni kama kilo 1.6 hadi 1.7. Mtoto anayeangukia katika kumi wadogo zaidi kati ya mia tunamwita mdogo kwa umri wa mimba, na wako anaelekea kuwa humo. Ila ultrasaundi haina mizani. Inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inakadiria, na kukosea kwa asilimia 10 au 15 ni jambo la kawaida. Pia hukunieleza wiki 31 zimehesabiwaje. Kama zilipatikana kwa ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza, naziamini. Kama ni kwa tarehe ya hedhi ambayo hukuwa na uhakika nayo, huenda mtoto ana wiki 29 na hana shida yoyote. Ndiyo maana ukaambiwa urudi baada ya wiki mbili: kipimo kimoja kinakuonyesha mtoto amesimama wapi, cha pili kinakuonyesha anatembea au amekwama. Mtoto mdogo wa asili hufuata mstari wake wa chini, wiki baada ya wiki, na damu kwenye kitovu hupita vizuri. Mtoto anayenyimwa chakula huanza kuuacha mstari wake. Mara nyingi tumbo ndilo linalobaki nyuma, kwa sababu ini linatumia akiba, huku kichwa kikiendelea. Mwili mdogo unajua kuwa ubongo ndio wa kulishwa kwanza. Kipimo cha dopla hutazama damu inavyopita kwenye kitovu, na kwa hali yako nakishauri sana hata kama itabidi usafiri hadi hospitali ya mkoa.

Na mlo mmoja kwa siku? Sitakudanganya kwamba hauna madhara yoyote, wala sitakubebesha mzigo usio wako. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, wanawake wajawazito waliishi kwa mgao uliokuwa mdogo kuliko wako. Watoto waliopatwa na njaa hiyo katika miezi ya mwisho walizaliwa wakiwa pungufu kwa gramu 300 hivi. Ni upungufu wa kweli, lakini ona jinsi mwili wa mama unavyojitahidi: yeye anakonda sana, mtoto anapungua kidogo. Homoni za mtoto wako hujaziharibu. Zimepunguza kasi kwa sababu zimesoma kilichopo, na kikiongezeka zitakisoma pia.

Huo ushauri wa kujinyima nimekuwa nikipambana nao miaka mingi na bado unarudi kwenye kila kizazi cha wajawazito. Unatoka kwenye hofu ya kweli: zamani, hospitali ikiwa mbali, mtoto aliyekwama aliweza kuondoka na mama yake. Lakini kujinyima hakupanui nyonga. Kunakupunguzia damu ambayo utaihitaji siku ya kujifungua, na mtoto asiye na akiba huchoka haraka kwenye uchungu, jambo ambalo nalo hupeleka watu kwenye kisu. Kwa hiyo rudisha milo yako mitatu na ongeza kitu kidogo katikati: maharage, dagaa, mayai, karanga, matembele, ndizi, uji wenye maziwa. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa sababu ubongo wa mtoto unategemea homoni ya tezi ya shingo, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini hayo. Kama unakula udongo wa pemba, uache, unazuia madini ya chuma kufyonzwa. Soda na glukosi usizifanye dawa. Ila nikuambie na upande wa pili: kama tatizo ni mishipa myembamba, chakula peke yake hakitalimaliza, na mtoto akibaki mdogo baada ya wewe kula vizuri usijilaumu kwamba hukula vya kutosha.

Sindano aliyoitaja nesi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni deksamethasoni au ndugu yake betamethasoni, dawa za jamii ya homoni iitwayo kotisoli, na kazi yake ni kukomaza mapafu. Mtoto mwenyewe huongeza kotisoli yake wiki za mwisho. Ndiyo inayogeuza mapafu kutoka mfuko wa maji kuwa mfuko wa hewa. Historia ya sindano hii ilianza kwa kondoo. Daktari Graham Liggins wa New Zealand alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu, akawa anawapa homoni hizi wanakondoo wakiwa bado tumboni. Mwanakondoo mmoja aliyezaliwa mapema mno, ambaye kwa umri wake hakutakiwa hata kupumua, akakutwa bado anapumua. Alipomchunguza baadaye aliona mapafu yameingia hewa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha majibu ya jaribio kwa wajawazito 282, na dawa ikaingia duniani.

Kawaida hutolewa miligramu 24 ndani ya siku mbili, pale tu panapotarajiwa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati ndani ya siku chache, hospitali yenye uwezo wa kumhudumia mtoto njiti. Jaribio la WHO lililochapishwa mwaka 2020, lililofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladesh, lilionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliozaliwa hai, vifo vilishuka kutoka takriban 24 hadi 20. Lakini haimnenepeshi mtoto. Kinyume chake, ikirudiwarudiwa hupunguza uzito wake kidogo. Kotisoli ni homoni ya kumaliza kazi na kupaka rangi, haiongezi matofali. Kwa hiyo usiiombe "ili akue", na usiikatae daktari akisema wakati wake umefika.

Utauliza: hakuna dawa yoyote ya kumkuza? Kwa sasa hakuna iliyothibitishwa, na si kwamba watu hawajajaribu. Sildenafili, ile inayojulikana zaidi kama dawa ya nguvu za kiume, ilijaribiwa kwa matumaini kwamba ingepanua mishipa ya mfuko wa uzazi. Mwaka 2018 jaribio la Uholanzi lilisimamishwa baada ya watoto kadhaa waliozaliwa na mama waliopewa dawa hiyo kufariki kwa matatizo ya mapafu. Nalitaja kwa sababu nayo ilionekana ya busara kwenye karatasi, na ilitolewa na madaktari makini, wala si duka la pembeni. Aspirini ya kiwango kidogo husaidia baadhi ya mama walio katika hatari ya kifafa cha mimba, lakini huanzishwa mapema, kabla ya wiki ya 20, wakati mishipa inapanuliwa. Kwako muda huo umepita. Ikumbuke kwa mimba ijayo, na umweleze daktari habari za hii.

Tunachoweza kukifanya ni kumfuatilia mtoto kwa karibu na kuchagua siku ya kumtoa. Akiendelea kukua polepole na dopla ikiwa nzuri, tunasubiri hadi karibu wiki ya 37 au zaidi. Damu ya kitovu ikianza kusuasua, tunapima hatari ya kuzaliwa mapema dhidi ya hatari ya kubaki ndani, na hapo ndipo sindano za mapafu zinapoingia. Panga mapema kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na wodi ya watoto wachanga. Akizaliwa njiti, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi ni tiba yenye nguvu: utafiti wa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8, kulipunguza vifo kwa robo.

Usingoje hizo wiki mbili kama mtoto anapungua kucheza. Wewe ndiye unayejua mazoea yake. Ukihisi leo si kama jana, lala kwa ubavu wa kushoto, tulia na umhesabu, na kama kwa saa mbili hujafikisha michezo 10, nenda hospitali hata kama ni usiku. Nenda vilevile ukiona damu, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu ya juu ya tumbo au homa. Hayo si mambo ya kuniandikia mimi.

Kuhusu ile homoni ya shoga yako, ina mahali pake. Watoto wengi wanaozaliwa wadogo, kama tisa kwa kumi, huwafikia wenzao kwa urefu kabla ya miaka miwili au mitatu. Kwa wachache wanaobaki nyuma sana, madaktari wa watoto wanaweza kuitumia. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2001. Kufikia umri huo ini linaisikia.

Siku ya kurudi beba karatasi zote za ultrasaundi, hasa ile ya kwanza kabisa, pamoja na kadi ya kliniki. Mwombe anayekupima akuandikie uzito wa mtoto, kipimo cha tumbo lake, na majibu ya dopla ya kitovu, kisha presha yako na wingi wa damu. Ukivipata, niandikie tena.